Ufunguo wa Jukwaa la Baadi

Wifi yangu Saado hana mshahara, hana ofisi, hana hata kiti cha maana. Ana simu yenye kioo kilichopasuka pembeni, na ana kidole gumba. Ukipita Waberi, mtaa wetu hapa Garissa, asubuhi utatukuta wote wawili kwenye chumba chetu cha mbele, mimi kwenye cherehani, yeye kwenye meza ya mashuka na magauni ya diraa anayouza, kidole kinapanda kinashuka, na mdomo haufungi. "Toka. Wewe pia toka. Na wewe tena? Jana ulikuwa daktari wa nguvu za kiume, leo umekuwa benki? Toka!" Mteja mgeni hudhani anafukuzwa yeye, inabidi nimshike mkono nimwambie, karibu dada, hasemi na wewe.

Watu huniuliza, "Fowsiya, huyo wifi yako analipwa na nani?" Swali hilo wallahi linaniudhi mpaka sindano inanidunga. Anayefagia msikiti mnamuuliza analipwa na nani? Anayetoa mwiba njiani mnamwomba risiti? Saado hufuta takataka za watu kwenye jukwaa ambalo si duka lake wala shamba lake, na bando ananunua mwenyewe. Asiyeelewa basi, mimi nina nguo za kushona.

Jukwaa lenyewe ni kundi la kwenye simu, linaitwa Baadi. Kwa Kisomali baadi ni mnyama aliyepotea, anayezurura porini bila mchungaji. Saado alilianzisha baada ya ule ukame uliotawanya mifugo yetu yote. Mama yake alipoteza ngamia wake wakati huo, na kuna mtu aliyewaokota, na kuna mwingine mwenye sauti kubwa aliyesimama mnadani akasema ni wake, akapewa. Habari ilipomfikia mama wa Saado, ngamia walikuwa wameshauzwa na kuchinjwa. Yule mama alikufa na uchungu huo. Saado hakulia mbele za watu. Alichukua simu akafungua jukwaa.

Leo limejaa watu kutoka Liboi mpaka Banissa: wachungaji, madereva wa malori, akina mama wa maziwa, Wasomali, Waborana, hata polisi mmoja aliyepoteza mbuzi wake. Kwa kuwa Mborana hajui Kisomali vizuri na Msomali hajui Kiborana, wanaelewana kwa Kiswahili hichohicho cha sokoni, kibovu kinachotembea. Wengi hawaandiki. Wanatuma sauti na picha.

Sasa kuna desturi yetu moja, usipoijua hutaelewa kilichotokea. Ukiokota ngamia, husemi yote. Unasema ni jike au dume, rangi yake, na ameonekana wapi. Chapa unaificha. Anayedai ndiye atakayekutajia hiyo alama ya moto, iko shavuni au shingoni au pajani, umbo lake ni lipi. Akikosea, arudi kwao. Saado aliihamishia desturi hiyo kwenye simu: ukipiga picha, funika chapa. Kwa hiyo jukwaa zima ni picha za ngamia waliotupiwa mashuka. Kaka yangu Abdiwali, mume wake, dereva wa lori, humcheka kweli. "Mke wangu ameanza kuwavalisha ngamia hijabu," anasema. "Na mimi mumewe shati langu halina kifungo." Saado humjibu bila kuinua macho: "Potea, nitakutangaza."

Mahali penye watu wengi, matapeli nao hawakosi. Kwanza zilikuja kamari, mikopo ya dakika mbili, viza za Kanada, waganga. Hao ni nzi tu, unawapunga. Wabaya ni wale wengine, wanaokaa kimya wakisikiliza, halafu mtu aliyepoteza ngamia akishasema tu, wanamfuata pembeni: "Nimempata, mzee, tuma kitu kidogo cha lori nikuletee." Mzee wa watu anauza mbuzi wake wa mwisho, anatuma, na simu inazimwa. Saado akiwakamata hao huwa hapunguzi sauti. Amewahi kumtukana mmoja mpaka imamu aliyekuwa anapita akasimama, akatikisa kichwa, akaendelea na safari yake.

Ndipo akaja Ogle.

Ogle ni mfanyabiashara wa mifugo hapa mjini, anauza na vyakula na dawa zao, na siku hizi uso wake uko kwenye kalenda kwa sababu anakitaka kiti uchaguzi ukifika. Alikuja dukani na boksi la tende na vijana wake wawili wa kumbebea heshima.

"Binti yangu," akamwambia Saado, "umefanya kazi nzuri. Lakini hili jukwaa sasa limekuwa kubwa. Takataka zimekushinda. Nipe ufunguo mimi, niweke vijana wangu walisimamie. Wewe pumzika."

"Ufunguo gani, Adeer?" Saado akauliza. Adeer ni baba mdogo, ndivyo tunavyowaita wazee wa rika lake, hata wale ambao hawastahili.

"Huo wa kuingiza na kutoa watu. Usimamizi. Na mimi nitakuwa natangaza bidhaa zangu kidogo tu, na mikutano yangu."

"Kidogo tu."

"Kidogo. Na tena si vizuri mwanamke kuwafukuza wazee wa watu hadharani. Wanaume wanalalamika."

Mimi nilisimamisha cherehani. Namjua wifi yangu. Akijibu kwa maneno mawili, kimbia. Akalisukuma boksi la tende taratibu mpaka ukingoni mwa meza, upande wa Ogle.

"Adeer, hawa watu wameingia hapa kutafuta ngamia wao. Hawakuingia kutafuta wewe. Ufunguo sitoi. Na wanaume wanaolalamika waambie waache kutangaza kamari."

Ogle akacheka kicheko cha kisiasa. "Basi tutaona kama utaliweza," akasema, na akaondoka na tende zake. Hata moja hakuacha.

Sisemi ni yeye. Sina ushahidi na sitaki kesi. Ninachosema ni kwamba kuanzia jioni ile ile jukwaa lilifurika kama laga, ule mto wa msimu, wakati wa mvua. Akaunti za majina ya ajabu, zote mpya, kila moja inatuma tangazo lilelile mara kwa mara. Picha ya mbuzi aliyepotea inawekwa, na kabla hujapepesa macho imezikwa chini ya kamari. Watu wakaanza kujiondoa. Saado akawa hali, anafuta. Chai yake inapoa mezani, anafuta. Mwisho akaweka sheria: anayetuma kitu kilekile kila mara, atoke, hakuna kuuliza. Na akawatoa kwa mafungu, bila kufungua kila ujumbe. Hangeweza kuufungua kila mmoja, alikuwa mtu mmoja.

Katikati ya mafuriko hayo ndipo Salat, mchungaji wa upande wa Liboi, alipoweka picha ya ngamia jike mweupe, mwenye maziwa, aliyejiunga na kundi lake akitokea magharibi. Salat ni mtu mwema lakini ana haraka, na siku hiyo hakutupia shuka. Chapa ilionekana waziwazi shingoni. Saado alipoiona picha na kuitoa, jukwaa zima lilikuwa limeshaitazama.

"Waryaa Salat!" akamfokea kwenye simu. "Umemvua nguo ngamia wa watu!"

"Walaal, dada yangu, nilisahau, upepo ulikuwa mwingi," Salat akasema. "Sasa nifanye nini? Mvua imenyesha ng'ambo ya mpaka, nahama na mifugo wiki hii. Nitampa utakayeniambia wewe."

Unaona ubaya wake? Desturi yote ilikuwa imevunjika. Chapa, ambayo ndiyo ilikuwa mtihani, sasa kila mjinga anaijua. Wadai wakajaa, wote wanaitaja sawasawa, shingoni, kushoto, mistari miwili na duara. Matapeli Saado aliwatambua na kuwafyeka, lakini mmoja hakufyekeka. Alikuwa Ogle. Akatuma sauti yake nzito mbele ya jukwaa zima: ngamia ni wake, amenunua wengi wenye chapa hiyo, mchungaji wake alimpoteza mmoja, na huyu msimamizi amwambie Salat amkabidhi mnyama mara moja au akubali kwamba jukwaa limemshinda. Watu wakaanza kumuunga mkono. Chapa ametaja, mzee anajulikana, mpe. Hata Abdiwali alirudi nyumbani akasema, "Mke wangu, mpe mnyama wake tupumzike."

"Ni wake?" Saado akamuuliza.

"Sijui."

"Basi na mimi sijui. Na kwa kutojua ndivyo mama yangu alivyopokonywa ngamia wake."

Abdiwali akaenda kunawa. Kuhusu mama mkwe huwa habishani.

Kesho yake, jua halijawa kali, mwanamke mmoja akaingia dukani. Mrefu, mkavu, vumbi la barabara ya Wajir limemjaa mpaka kwenye kope, shuka limefungwa kifuani, na amekasirika. Mimi mwenyewe nina hasira zangu, lakini nilipoiona ya yule mama nilitoa mguu kwenye cherehani.

"Saado ni nani hapa?"

"Ni mimi, mama. Karibu, keti."

"Siketi. Ni wewe unafuta sauti yangu?"

Saado akakodoa macho. Yule mama akajitaja: yeye ni Gumato, Mborana wa upande wa Wajir. Ngamia wake wa pekee mwenye maziwa amepotea, na nyumbani wajukuu wanakunywa chai ya rangi. Aliazima simu ya jirani akaingia kwenye jukwaa. Kila picha ya ngamia jike iliyowekwa, alituma sauti yake chini yake. Kila picha. Halafu siku moja jirani akamwambia, mama, wamekutoa.

"Ulisema nini kwenye hiyo sauti?" Saado akauliza, na nikaona uso wake umeanza kubadilika.

"Nitasema nini? Mimi hapana sema na watu. Mimi naita ngamia yangu!" Na hapohapo, katikati ya duka, akaweka mkono shavuni akaita. Sauti ndefu, inapanda, inakatika kwa ulimi, inashuka tena kama mtu anayembembeleza mtoto. Mteja aliyekuwa anapima diraa aliangusha tepu. "Mama yake alikufa akimzaa. Mimi nilimlea, maziwa nilimtia mdomoni kwa mkono yangu. Chapa ni ya ukoo, watu mingi iko nayo. Hii sauti ni yangu pekee. Nilisema, yule ameokota, ngamia itasikia kwa simu, itakuja. Wewe ukafuta. Wewe, mwanamke mwenzangu!"

Jamani. Saado, ambaye hajawahi kuinamisha kichwa kwa mtu tangu nimjue, aliinamisha. Mama wa watu alikuwa ametuma sauti ileile, bila neno hata moja, chini ya kila picha, kwa sababu mtu hubadilishaje namna ya kumwita ngamia wake? Na sheria ya Saado ikamchota pamoja na kamari na waganga, ikamtupa nje.

"Rangi yake?" Saado akauliza kwa sauti ndogo.

"Adi. Nyeupe. Na jina lake ni Adi."

Saado aliinuka. Akamkalisha Gumato kwenye kiti chake mwenyewe, akaniambia, "Abaayo, dada yangu, chai ya maziwa," nami nikaenda bila ubishi, kitu ambacho si kawaida yangu. Niliporudi alikuwa anazungumza na jukwaa zima.

"Assalaamu alaykum. Mimi ni Saado. Nimemtoa mtu kwa makosa. Anaitwa Gumato, alikuwa anamwita ngamia wake na mimi nikamwita taka. Nimekosa na nimemrudisha. Sasa sikilizeni. Chapa ya ngamia wa Liboi mmeiona wote, kwa hiyo haina kazi tena. Kila anayedai atume sauti anayomwitia mnyama wake. Salat atazipiga mbele ya ngamia, sote tukitazama. Adeer Ogle, karibu sana."

Haye! Jukwaa lilichemka. Wengine wakacheka, wengine wakasema haijawahi kutokea. Mzee mmoja wa Banissa akatuma sauti akasema imetokea sana, kisimani kila mtu huita wake na wake humfuata, tofauti ni simu tu. Ogle akasema huo ni mchezo wa watoto, yeye hawezi kuhukumiwa na mnyama. Saado akamjibu hapohapo: "Jukwaa hili ni la wanyama, Adeer. Sisi wengine ni wageni wao."

Watu walimsubiri Ogle. Kura anazitaka, na wapigakura wote walikuwa wanatazama, angekimbilia wapi? Mwishowe akatuma sauti ya mchungaji wake.

Salat aliunganisha simu moja na redio yake ya spika, na ya pili akaishika kurekodi. Tuliipata video mchana ule, tukajibana, mimi, Saado, Gumato na wateja wawili waliosahau walichokuja kununua. Ngamia mweupe yuko katikati ya wenzake, anatafuna. Ikapigwa sauti ya mchungaji wa Ogle. Ngamia akaendelea kutafuna. Ikapigwa tena. Akainua mkia, akafanya haja yake palepale. Mteja mmoja akacheka mpaka akashika ukuta.

Kisha ikapigwa sauti ya Gumato.

Taya likasimama. Masikio yakageuka, kichwa kikapanda, na yule ngamia akatoka kati ya wenzake akiwasukuma, akaja moja kwa moja mpaka pua ikajaa kwenye kioo. "Waryaa, ananilamba simu!" Salat alikuwa anapiga kelele. Lakini ngamia hakutosheka na simu. Alimzunguka Salat, akaangalia nyuma yake, akaangalia nyuma ya kichaka, akalia. Alikuwa anamtafuta mwenye sauti.

"Mjinga!" Gumato akaipigia kelele simu ya Saado, machozi yanachora njia kwenye vumbi la uso wake, anacheka na analia pamoja. "Adi, mjinga wewe! Mimi niko Garissa!"

Sote tulilia, sioni aibu kusema. Abdiwali ndiye aliyempakia Adi kwenye lori lake na kumpeleka mpaka kwa mwenyewe, na akaitia bando ile simu ya jirani aliyoazima Gumato. Ogle hakuomba radhi. Alituma ujumbe mrefu kwamba jukwaa limetekwa na ushirikina na wanawake, kwamba yeye ataanzisha la kwake, na kwamba Saado atajuta. Saado aliusoma wote kwa sauti huku akila maandazi.

"Huufuti?" nikamuuliza.

"Ya nini? Hajarudia. Wacha wausome."

Halafu akafanya jambo ambalo Abdiwali alisema ni wazimu na mimi nikasema ni sawasawa. Alimpigia Gumato, akamweleza polepole pa kubonyeza, kitufe cha kufuta na kitufe cha kumtoa mtu, akampa ufunguo uleule aliomnyima Ogle.

"Mimi siwezi kusoma," Gumato akasema.

"Unaweza kusikia. Kila kitakachofutwa, kwanza mtu akisikilize. Hiyo ndiyo sheria mpya, na wewe ndiye msikilizaji."

Mafuriko hayajaisha, msidanganyike. Kila wiki wanakuja wapya. Juzi Ogle mwenyewe aliibuka kwa akaunti ya kampeni, akaweka wimbo wake wa uchaguzi chini ya picha ya punda aliyepotea. Ukafutika. Akauweka tena. Ukafutika. Akatuma sauti ya kufoka akitaka kujua ni nani huyo anayethubutu kumfuta mzee mzima, ajitokeze kama ni mwanamume.

Saado alikuwa ameshika shuka mkononi, anamhudumia mteja, simu iko mezani. Hakuigusa. Tukasikia sauti inaingia, kavu, ya mbali, na nyuma yake ngamia analia.

"Ni mimi, Gumato. Nimesikiliza yote mpaka mwisho. Nimefuta. Weka tena, mimi niko hapa."